Mwalimu Aliyewashusha Watoto Kwenye Magari

Marehemu dada yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu Kengele, alizaliwa tarehe 9 Machi 1956, kitinda mimba wa seremala na mshona nguo. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili, na mlango wa mbele ulifungukia barabarani. Barabara wakati huo ilikuwa ya watu. Mtoto akitambaa hadi nje, mpita njia yeyote alimbeba akamrudisha ndani, na mama yake akagombezwa. Leo ukimshika mkono mtoto usiyemzaa, unaulizwa wewe ni nani.

Alianza shule mwaka 1963. Walikwenda kundi zima kwa miguu, wakubwa wakiwashika wadogo bila kuagizwa na mtu. Jioni kaka yake, ambaye hakupelekwa shule, alijifunza herufi kwenye madaftari ya dada yake, na dada siku zote alimwachia taa. Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1978, akapewa darasa la kwanza, na hakuliacha hadi alipostaafu mwaka 2016.

Alifunga ndoa tarehe 5 Desemba 1981 na fundi baiskeli. Inasemekana kabla ya hapo Mwalimu alipeleka baiskeli yake gereji kwa fundi huyo kila Jumamosi.

"Mwalimu, baiskeli hii ni nzima," fundi akamwambia.

"Itazame vizuri, fundi. Mimi sina haraka."

Barabara ya shule ilitiwa lami mwaka 1997, tukashangilia. Yakaja magari, vioo vikapandishwa, salamu zikaisha. Mwaka 2004 mwanafunzi wake aligongwa akiwa kwenye baiskeli, akavunjika paja. Kwa uchungu, Mwalimu aliwatangazia wazazi kwamba kila mwenye gari amlete mwanawe hadi langoni. Lilikuwa kosa, na yeye ndiye aliyelisema mbele ya watu. Lango lilijaa magari yakirudi kinyumenyume, na watoto waliokuja kwa miguu wakawa wanajipenyeza kati ya bampa na bampa.

Akabadili agizo. Magari yote yaishie uwanja wa mpira, na kutoka hapo watoto watembee pamoja, wenye baiskeli mbele, yeye nyuma na kengele ya mkono. Baba mmoja alimpigia honi.

"Mwalimu, nipishe! Nimechelewa, na mwanangu yumo humu ndani."

"Wako yumo ndani, baba. Wa mwenzako yuko mbele ya bampa."

"Na nikikugonga?"

"Utanipeleka hospitali. Si unalo gari?"

Mtoto akafungua mlango mwenyewe, akashuka akicheka.

Mwalimu mkuu alimwonya kuwa anawaudhi wazazi wenye uwezo. Alisema "ndiyo, mkuu," na asubuhi alikuwa uwanjani. Mwaka 2011 matuta yaliwekwa na njia ya baiskeli ikachorwa. Wakubwa walikuja kukata utepe. Hakuhudhuria, alikuwa anavusha watoto. Kwa miaka yote aliyosimama pale, hakugongwa mtoto mwingine.

Hata alipostaafu aliendelea, hadi moyo ulipomlaza mwaka jana. Kila asubuhi alimuuliza binti yake, "Wanatembea?" Binti alijibu, "Wanatembea, mama," wala hakumwambia kwamba magari yameanza kurudi langoni na hakuna anayeyazuia. Siku moja mama akageuza kichwa dirishani.

"Mwanangu, mimi naumwa moyo, siumwi masikio. Honi hizo ni za wapi?"

Mama aliomba viatu vyake. Alifika mlangoni, pumzi ikamwishia, akarudishwa kitandani. Siku ya tatu, tarehe 14 Juni 2023, alifariki nyumbani, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano na kaka mmoja. Ameacha pia nafasi yake pale uwanjani, na hadi tunapochapisha haya haijapata mtu. Jumatatu watoto wanakwenda shule.

Yeye apumzike kwa amani. Sisi bado.