Kamyo Ilisimama ku Mulango Yangu

Bwana asifiwe! Asifiwe tena, ndugu zangu! Miye ni Mama Clarisse, wa hapa Kampemba. Munivumilie. Sijazoea kusema mbele ya bantu.

Bwana yangu alikuwa shofere, anatumika njia ya Kinsevere. Homa ilimukamata, tukamuzika mbele ya mvua kuanza. Ndugu zangu, kilio ilikuwa haiyaisha, ndugu yake mukubwa, Papa Ngoy, akakuya na kamyo, lori kubwa. Akasema vitu ya marehemu ni vitu ya familia. Balibeba kitanda, viti, kabati, mpaka matela yenye batoto balikuwa banalalia! Miye nilisimama tu na kitambaa ya kilio ku kichwa. Munayua desturi yetu.

Mbele ya kupanda kamyo, akageuka, akaniambia: "Mama Clarisse, nitarudia. Nikikuta batoto ya ndugu yangu banalala chini sawa mbuzi, nitababeba."

Yee, Mungu wangu! Mwenye alibeba kitanda njo anakuya kuuliza batoto banalala wapi!

Kutoka ile siku woga uliniingia mu mifupa. Binti yangu Clarisse na mudogo wake Yannick balilala juu ya magunia. Mvua ikaanza, simenti ikalowana, Yannick akaanza kukohoa. Kila kamyo ikipita mu barabara, nilibavuta batoto nyuma ya mulango, nikabaziba kinywa. Nilisali, ndiyo, lakini nilisali macho wazi, naangalia mulango! Ndugu zangu, kuna woga wenye unakula muntu mbele ya kifo kumukula.

Sasa, Mama Odette, ule anaikala pale mbele, alikuya kunisalimia. Eko mu kikundi ya bamama ya parokia yetu, benye banaomba vitanda na viti ku bantu benye beko navyo vya ziada, seremala anavitengeneza, na banavigawa bure. Nilimukalisha juu ya ndoo, na haya ilinishika. Aliangalia yale magunia, akasema tu: "Tutaona, mama."

Kisha, siku moja ya mvua, kamyo ilisimama ku mulango yangu. Nikasikia sauti ya banaume. Nikasikia vitu inagongana. Hodi! Hodi! Mwenye aliumwa na nyoka, akiona kamba anashituka. Nilifunga mulango, nikaweka mugongo, nikapiga kelele mpaka majirani bakatoka: "Hamutababeba batoto yangu! Muniue kwanza!"

Bakapiga tena. Batoto banalia, miye nalia. Na sauti ya mwanamuke ikaita: "Mama Clarisse! Ni miye, Odette! Fungua, matela inalowana!"

Haleluya! Ndugu zangu, nilikuwa nafungia baraka yangu inje, mu mvua!

Baliingiza vitanda mbili, matela, meza na viti. Kiti moja iko na muguu ya mbao ingine, rangi ingine. Nikauliza nitarudishia nani. Mama Odette akacheka: "Nani alikuomba?"

Munafikiri woga uliisha? Hapana! Sasa kulikuwa tena vitu ya kubeba. Na kweli Papa Ngoy alikuya. Ile kamyo, ile sauti ya motere, niliiyua mbali. Clarisse akanikamata ku kikwembe yenye nilijifunga. Miguu ilitaka kukimbia. Nikasema, "Yesu, ukiwa haupo leo, nimekufa," na nikafungua mulango miye mwenyewe.

"Karibu, Papa Ngoy. Ikala."

Aliikala juu ya kile kiti ya muguu ingine. Aliangalia vitanda, aliangalia mashuka. Batumishi yake banangoja inje na kamba.

"Nani alikupa hii yote?"

Nikamujibu: "Familia, shemeki. Familia ya kanisa."

Hakukuwa hata kitu moja ya ndugu yake mule, na batoto habakuwa tena banalala chini. Alikunywa maji, akamushika Yannick ku kichwa, akasimama. Kamyo ikarudi tupu. Clarisse, Yannick, musimame, bantu babaone! Hawa hapa!

Sitabadanganya. Mpaka leo kamyo ikipita, roho inaruka. Lakini wewe mwenye kujifungia leo kwa woga, muite Yesu na uulize kwanza ni nani anapiga hodi. Na wewe mwenye uko na kiti yenye hakuna muntu anaikalia, umupelekee Mama Odette. Kuko mama mwingine, sasa hivi, ameweka mugongo ku mulango. Mukienda kwake, muite jina lake kwa sauti.