Bi Beryl Entwistle, Mhakiki wa Maswali Elfu Arobaini

Ijumaa, tarehe 31 Mei 2019, Bi Beryl Entwistle atakabidhi funguo za kabati la kadi na kustaafu uhakiki wa maswali wa Ligi ya Chemsha Bongo ya Oswaldshaw, baada ya miaka thelathini na mitatu. Kwa kadi zilizomo kabatini, maswali takriban elfu arobaini yamepita mikononi mwake kabla ya kufika kwenye baa zetu kumi na moja. Ujira wake kwa mwaka umekuwa pai moja ya nyama na viazi kwenye chakula cha kufunga msimu, na mara mbili pai hiyo ilikuja imeungua.

Kamati imenichagua mimi niandike haya kwenye jarida la ligi kwa sababu nimekaa naye meza moja kwa miaka mingi. Jioni mimi ni mwandika alama wa ligi. Mchana ni dereva wa basi namba saba.

Alivyoingia kazini ni kisa cha kuchekesha. Mwaka 1986 Bi Beryl alikuwa mkaguzi wa vipimo wa halmashauri, mwanamke wa miaka thelathini na tisa aliyekuwa akizunguka madukani na kwenye baa na kipimo chake cha shaba. Jioni moja alikuwa amepiga magoti nyuma ya kaunta ya baa ya Farasi Mweupe, akipima kama painti ya bia imejaa kweli. Shindano lilikuwa linaendelea. Swali lilikuwa twiga ana mifupa mingapi shingoni, na mwenye baa, aliyekuwa pia msomaji wa maswali, akasoma jibu: kumi na minne.

Kichwa kikachomoza juu ya kaunta. "Saba."

Watu wote wakageuka.

"Saba, sawa na wewe na mimi," akasema. "Ya kwake ni mirefu tu."

"Mama, umekuja kupima bia au umekuja kutupima sisi?" mwenye baa akamuuliza.

"Bia yako imepungua. Na jibu lako limezidi."

Ukumbi ulicheka mpaka glasi zikatikisika. Kesho yake mwenye baa alikwenda maktaba, akarudi akafuta kumi na minne kwenye kadi, na wiki mbili baadaye Bi Beryl alikuwa Mhakiki wa Maswali.

Alianza kwa kuweka sharti moja: kila jibu liwe na mashahidi wawili ambao hawakunakiliana. Jibu ambalo mtu anaweza kulijaribu mwenyewe, alilijaribu. Alipigia simu bustani ya wanyama mara nyingi sana, kuuliza kama ngozi ya dubu wa ncha ya kaskazini, chini ya manyoya yale meupe, ni nyeusi (ni nyeusi) na kama pweza ana mioyo mitatu (anayo mitatu), hata mtunza wanyama mmoja akawa anamtumia kadi ya Krismasi kila mwaka.

Kuna swali lililodai kwamba karatasi haiwezi kukunjwa zaidi ya mara saba. Yeye hakulipenda. Jumamosi moja akamchukua mumewe, Clifford, fundi wa mabomba, wakaenda na gombo la karatasi ya chooni kwenye ukumbi wa kanisa. Wakalitandaza toka mlangoni hadi jukwaani.

"Shika vizuri, Cliff. Usivute!"

"Beryl, kuna watu nje wanataka kuingia. Wana harusi."

"Wana siku nzima ya kuoana. Kunja."

Walifika mkunjo wa tisa. Bibi harusi mwenyewe ndiye aliyeubana ule wa mwisho, na gauni lake jeupe. Jumatatu swali lilitupwa.

Ningeweza kuendelea hivyo hadi kurasa za jarida ziishe. Lakini Bi Beryl hapendi habari ya nusu, na heshima anayostahili hasa ameipata katika siku zilizomwia ngumu. Nimemwomba ruhusa kuandika haya yanayofuata. Alisema niandike, ila nisikosee tarehe.

Ilikuwa fainali ya Mei 2003. Timu ya baa ya Ngano na Mundu, ambayo nahodha wake ni Clifford, ilikuwa imeshindwa fainali nne na haijawahi kushika kombe. Wapinzani wao walikuwa Kichwa cha Mfumaji, chini ya Desmond Pickup, daktari wa meno, mtu ambaye akikosa la kupinga hupinga hali ya hewa. Hadi swali la mwisho alama zilikuwa sawa. Msomaji akainua kadi: vita vifupi kuliko vyote katika historia vilidumu dakika ngapi?

Watu wakacheka, kama wanavyocheka siku zote swali hilo likisomwa. Ni vita vya Zanzibar, tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Waingereza na jumba la Sultani. Clifford aliandika thelathini na nane. Desmond aliandika arobaini na tano. Kadi ilisema thelathini na nane.

Ngano na Mundu waliruka. Clifford alinikumbatia kwa nguvu mpaka penseli yangu ikavunjika. Mzee mmoja wa timu yake alikaa chini akafuta macho kwa kofia.

Desmond akanyosha mkono. "Napinga. Nina kitabu nyumbani."

"Bila shaka unacho," Clifford akasema. "Kaa chini, bwana, ule mbaazi zako."

Lakini nyumba ya Desmond iko ng'ambo ya barabara. Alikwenda, akarudi anahema, na kitabu kilikuwa kinasema arobaini na tano. Bi Beryl akakipokea. Akavitoa mkobani vile viwili alivyovitumia kupitisha swali, akavifungua pembeni yake. Nilimwona akifunua kurasa za mwisho za kitabu cha pili, zile za shukrani ambazo hazisomwi na mtu. Kidole chake kikasimama.

"Huyu anamshukuru yule," akasema. "Amenakili kwake. Nilimhesabu shahidi mmoja mara mbili. Kosa ni langu. Swali limefutwa."

"Beryl," Clifford akasema kwa sauti ya chini. "Mke wangu. Kadi inasema thelathini na nane."

"Kadi niliiandika mimi, Cliff. Ndiyo maana nasema."

Likasomwa swali la akiba: mnyama wa taifa wa Uskoti ni yupi? Ngano na Mundu waliandika simba. Kichwa cha Mfumaji waliandika yule farasi wa hadithi mwenye pembe moja, na ndiye. Kombe likavuka barabara pamoja na kitabu.

Kwa siku nane Clifford hakuzungumza na mkewe isipokuwa kumwomba siki mezani. Bi Beryl hakujitetea. Alipanda treni kwenda Manchester, akakaa siku mbili kwenye maktaba kubwa.

Siku ya tatu alipanda basi langu na daftari kwapani, akakaa kiti cha mbele, na hakushuka. Tulipofika kituo cha mwisho, ambapo basi husubiri dakika kumi, akalifungua.

"Nimeelewa," akasema. "Mizinga ilianza saa tatu na dakika mbili asubuhi. Hapo karibu wote wanakubaliana. Wanachogombania ni mwisho. Mmoja anahesabu mpaka bendera ilipoanguka, mwingine mpaka mizinga iliponyamaza. Swali lenyewe ni bovu." Kisha akafunga daftari, akaniangalia kwenye kioo. "Mbarouk, wewe si wa huko?"

"Naam. Nimezaliwa Malindi, pale Unguja mjini, hatua chache kutoka lilipokuwa jumba lile."

"Tangu ujiunge nasi nimelipitisha swali hili mara tatu. Hukusema neno."

"Sikuulizwa, Bi Beryl."

Kwa mtu ambaye maisha yake yote ni kuuliza, nadhani sikuweza kumwambia neno zito kuliko hilo, na sikuwa nimekusudia.

"Basi nakuuliza," akasema.

Nikazima injini. Nilimwambia kwamba bibi yangu mzaa baba alikuwa na miaka saba asubuhi ile. Baba yake alikuwa mpishi jumbani. Alitoka nyumbani alfajiri, akaacha birika la chai limefunikwa kwa kitambaa, akasema atarudi kulimaliza. Mizinga ilipokwisha mama yao aliwatoa chini ya kitanda, na jumba lilikuwa linaungua. Bibi alisema alipoligusa birika bado lilikuwa na uvuguvugu. Baba hakurudi, na hakukuwa na cha kuzika. Bibi hakujua habari ya dakika. Yeye alipimia kwa birika lile, na mpaka uzee wake hakuwa akinywa chai iliyopoa.

Nilimwambia pia kwamba Jumanne zetu za ligi, kila kicheko kile kikipita, mimi huinama na kuandika alama.

Bi Beryl alikuwa ameshika reli ya kiti kwa mikono miwili. "Idadi niliiona," akasema. "Waliouawa na kujeruhiwa upande wenu, karibu mia tano. Upande wetu, baharia mmoja aliyejeruhiwa. Iko kwenye ukurasa uleule, Mbarouk. Niliipita kwa sababu kadi iliuliza dakika."

Basi liliondoka limechelewa. Abiria mmoja akaguna, na Bi Beryl akamwomba radhi yeye, si mimi.

Kesho yake nani apande kama si Clifford, mtu mwenye gari lake la kazi na ambaye hajui hata mlango wa basi hufunguka upande gani. Alisimama karibu na usukani, kofia mkononi.

"Beryl amenieleza," akasema. "Mimi nilikuwa nacheka pamoja na wengine, kaka. Kila mara. Samahani."

"Yamekwisha, Cliff. Kaa, usije ukaanguka."

"Nashuka wapi?"

"Ulitaka kwenda wapi?"

"Hapa hapa," akasema. Tukacheka, na nikamzungusha mji mzima mpaka mlangoni kwake. Jioni ile, nimeambiwa, alimwomba mkewe siki, kisha akamwomba amsomee daftari lote toka mwanzo.

Septemba kadi mpya ilisomwa. Swali halikuuliza dakika. Liliuliza ni watu wangapi, kwa kukadiria, waliouawa au kujeruhiwa upande wa Zanzibar katika vita vile vya chini ya saa moja. Hakuna aliyecheka. Desmond aliandika hamsini, na jibu liliposomwa alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Timu ya Clifford ilirudisha karatasi tupu, kwa sababu nahodha aliwaambia jibu alilisikia nyumbani na si haki kulitumia. Walipoteza mchezo ule kwa alama moja. Naweza kusema kwamba hawakununa, ingawa itakuwa uongo. Mmoja wao alinuna hadi Krismasi. Kombe walilipata mwaka 2011, kwa alama mbili safi, na hata Desmond hakunyosha mkono.

Tangu fainali ile Bi Beryl hapitishi jibu lolote linalohusu watu fulani bila kwanza kumtafuta mmoja wao akamuuliza. Mwanamke wa Kipolandi wa duka la mikate ameulizwa kuhusu wafalme wa Poland, fundi viatu wetu Mgiriki kuhusu visiwa vya Ugiriki. Wengi wao leo ni wachezaji wa ligi. Walianza kwa kuulizwa jambo moja dukani, wakaja Jumanne kusikia kama jibu lao limesomwa sawasawa.

Nafasi yake inachukuliwa na Desmond Pickup. Uamuzi ni wa Bi Beryl mwenyewe. Alipoulizwa na kamati kwa nini yeye, alijibu kwamba katika ligi nzima ni mtu mmoja tu aliyewahi kuvuka barabara kwenda kuleta kitabu.

Mhakiki haruhusiwi kucheza, na kwa hiyo katika miaka yote hii hajakaa hata mara moja kwenye meza ya timu. Jumanne iliyopita, katika mchezo wa kirafiki wa kumuaga, timu zote kumi na moja zilimwita. Clifford alimfutia kiti. Yeye akaenda kukaa na Kengele Mbili, ambao wako mkiani mwaka wa sita mfululizo. Desmond akasoma swali aliloliandika mwenyewe: ni mnyama gani ambaye kinyesi chake hutoka kikiwa na umbo la mchemraba?

Bi Beryl akaweka kalamu chini. Nilikuwa karibu, nikauona uso wake. Ulikuwa uso wa msichana wa miaka kumi.

"Sijui," akasema. Akawageukia wenzake mmoja mmoja. "Sijui kabisa! Mchemraba? Ni mnyama gani huyo? Na anafanyaje?"

"Beryl, andika chochote!" Clifford akapaza sauti toka meza ya pili. "Muda unaisha!"

"Niache, Cliff," akasema. "Niache kidogo nisijue."

Ni wombati wa Australia. Kengele Mbili walikosa, na Bi Beryl alipiga makofi kuliko waliopata.

Bi Beryl, kwa niaba ya baa zote kumi na moja, tunakushukuru kwa kila kadi. Tunakuombea afya, macho yasiyochoka, na mambo mengi mazuri usiyoyajua.

Mbarouk Seif
Mwandika alama