Msiukate Ua wa Michongoma

Sogeeni wanangu, na wewe kitinda mimba wangu acha kulia, utalia nikishakwenda. Sasa nataka masikio, maana pumzi niliyobakiwa nayo haitoshi kurudia jambo mara mbili.

Nyumba ni yenu wote watatu. Shamba gawaneni sawasawa, msinitie aibu kaburini kwa kugombea hatua mbili za udongo. Lakini ule ua wa michongoma unaotutenga na shamba la marehemu baba yenu mdogo hamuupati. Nampa mjane wake. Mkubwa, usinune, panga unalolinoa ili uukate nimelisikia tangu asubuhi, na debe la dawa ya wadudu ulilolificha nyuma ya mlango nalinusa hapa hapa kitandani. Ninaumwa mapafu, siumwi pua.

Nami nilikuwa na haraka kama wewe. Mwaka ule niliona ndege wamejaa kwenye mahindi, nikasema wezi hawa wananimaliza, nikapaka ulimbo matawi yote ya ua, wakanasa, nikawanyonga mmoja mmoja kwa mkono huu. Baba yenu mdogo akaja, akamwokota mmoja, akampasua tumbo kwa kisu chake cha kukatia miche, akanionyesha: viwavi watupu. "Kaka, unawaua vibarua wako," akasema, tena kwa upole. Mbele ya mama yenu! Nikapandwa na hasira, nikamfukuza kama mbwa. Msimu uliofuata viwavi walikula mpaka mabua, mkalala njaa, nami nikatangaza kila mahali kwamba wametoka shambani kwake. Miaka tisa hatukusalimiana. Siku ya mazishi yake nilijifanya naumwa mgongo. Hilo linaniuma kuliko kifua hiki.

Michongoma niliyoipaka ulimbo imechipua upya, na ndege wamerudi. Msiwaguse. Mkubwa, debe lirudishe dukani, usije ukalimwaga mtoni.

Nipeni maji... basi, yametosha. Mungu awalinde, awape watoto wasikivu kuliko nilivyokuwa mimi. Mkishanizika, nendeni kwa mama yenu mdogo, nyote, msitume mtu. Mwambieni... siku ile nilipomfukuza mumewe, nilifunga mlango, nikawapasua wale ndege waliobaki. Walikuwa kumi. Nilitafuta, wanangu... nilitafuta sana. Sikukuta hata punje moja ya mahindi.