Bawabu wa Hoteli ya Taji

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Mwenye chungu jikoni na akiepue kwanza, maana leo sitaki kusikilizwa nusunusu. Nina hasira, na sitaificha.

Jumanne tulimzika Mzee Kitwana bin Mwinyimadi, kule Kisarawe. Ndiye yule mliyekuwa mkimwita Mzee Hoteli. Mlimcheka barazani. "Mzee Hoteli, hebu tuongopee tena kuhusu Ulaya!" Haya. Leo nawapa historia ya hoteli hiyo, mshibe.

Iliitwa Hoteli ya Taji, mjini Dresden, Ujerumani. Ghorofa tano, ngazi za marumaru, mazulia yanayomeza mguu. Wafalme walilala pale. Na mlangoni pake alisimama kijana wetu wa Kisarawe, amevikwa kilemba cha dhahabu, suruali ya hariri na jambia la bati. Jambia! Kisarawe nani anavaa jambia? Lakini wageni walitaka kichekesho mlangoni, wakapewa. Wanawake walimfinya shavu waone kama rangi inatoka.

Alifikaje huko? Mwaka 1912, Mjerumani mmoja, Bwana Lenz, alimchukua awe boi wake safarini. Kitwana alikuwa na miaka ishirini. Mkewe, Bi Mboni, alikuwa bado mwali wa juzi. Bwana Lenz akawaahidi wazee: mwaka mmoja tu, namrudisha. Walipofika Dresden, mwenye hoteli akampenda yule kijana, na Bwana Lenz akamtoa zawadi. Nasema zawadi, wasikilizaji wapendwa! Kama mtu anavyompa jirani kuku.

Vita vikaja, njia zikafungwa. Vita vikaisha, Kitwana akaomba kurudi kwao. Wajerumani wakamwambia, wewe sasa ni mtu wa Waingereza. Waingereza wakamwambia, wewe uliondoka na Wajerumani, sisi hatukujui. Barua alimpa karani wa hoteli azipeleke posta. Haikufika Kisarawe hata moja.

Sasa sikieni uovu wenyewe. Mwaka 1926 Bwana Lenz akarudi Tanganyika, akapata shamba njia ya Mlandizi. Mzee Mwinyimadi, babake Kitwana, akaenda kwa miguu kumuuliza, "Bwana, mwanangu yuko wapi?" Ilimpasa Bwana Lenz aseme, nimemgawa. Akaona haya. Akasema, "Alikufa kwa baridi, zamani." Kisha akamkaribisha mzee maji ya kunywa!

Basi hitima ikasomwa. Bi Mboni, aliyengoja miaka kumi na minne, akakaa eda. Alikaa eda ya mtu aliye hai. Eda ikaisha, akaposwa na Zahoro, mkulima wa mihogo, mtu mwema, wakazaa.

Mwaka 1934 wakubwa wapya wa Ujerumani hawakutaka tena kuona mtu mweusi mlangoni. Kitwana akavuliwa kilemba, akatolewa nje. Akapata kazi ya kuosha vyombo melini, na meli ikamshusha Dar es Salaam. Shangazi yake, Bi Mwanajuma, alinisimulia siku alivyotokea nyumbani Kisarawe: "Tulikimbia wote, mwanangu, na Ayatul Kursi mdomoni. Mimi nikageuka, nikamwona anavua viatu mlangoni. Nikasema, lo! Mzimu gani unavua viatu?"

Alipoelezwa ni nani aliyesema amekufa, alikwenda kwa Bwana Lenz. Alitaka neno moja tu, asimame mbele ya wazee akiri. Bwana Lenz alimtazama juu mpaka chini, akacheka. "Kitwana! Kilemba chako unacho? Jumapili nina wageni, njoo usimame mlangoni."

Wasikilizaji wapendwa, nimekaa na maneno hayo tangu Jumanne.

 Kitwana alirudi Kisarawe, akaenda kwa kadhi. Kadhi akamwambia ndoa yake haijavunjika, akimtaka Mboni ni wake. Mboni alikuwa ameketi pale, mtoto wa tatu yuko kifuani ananyonya. Kitwana akamtazama yule mtoto. Akasema, "Huyu ataniita nani?" Akatoa talaka palepale. Hakuoa tena.

Na tangu siku ile hakusimama mlangoni kumpokea mtu. Ukimpigia hodi anakujibu karibu, nawe uingie mwenyewe. Mkasema ana kiburi cha Ulaya! Nani kati yenu alimuuliza sababu? Miaka ishirini na tatu, hakuna!

Hoteli ya Taji? Iliteketea vita vya pili, ikawa majivu. Mzee Kitwana alipoambiwa, aliuliza kama wapishi walipona.

Jumanne, baada ya maziko, Bi Mboni aliwaendea wazee. Akaomba akae eda ya Kitwana. Wazee wakamwambia, "Bibi, wewe una mume hai. Huyu alikuacha. Hukumu haipo." Bi Mboni akasema, na mimi nilikuwepo: "Yu hai, mliniweka eda. Leo amekufa kweli, mnaniambia si wangu?"

 Aliyejibu ni Mzee Zahoro, mumewe, udongo wa kaburi bado miguuni. "Mwacheni akae. Mimi nitajipikia."

Wazee wamekataa. Kwa sheria wamesema kweli, mimi si mwanachuoni. Ila rambirambi zangu nazipeleka kwa Bi Mboni kwanza, kisha kwa Mzee Zahoro, kisha kwa ukoo wote wa Mwinyimadi. Mungu amrehemu Kitwana. Nasi tuliomcheka tukae chini, tujiulize ni mzee gani mwingine tunayemcheka leo.

Nasikia tangu Jumanne Bi Mboni yumo ndani, hatoki, na Mzee Zahoro ndiye anayeteka maji. Wazee wa Kisarawe, shikamooni. Nawaomba kwa heshima zote, msimgongee mlango.