Milango ya Miji Miwili

Fundi cherehani alijifanya anatazama nje ya dirisha la treni, lakini masikio yalikuwa kiti cha mbele, ambako seremala alikuwa akimdodosa muuguzi aliyewahi kuishi katika miji yote miwili ambayo seremala huyo ameitiwa kazi.

"Joto ni joto, dada yangu. Ila mke wangu anataka pwani, mimi nataka kule kukavu."

"Hayafanani, kaka. Pwani ni fukuto. Milango inavimba, haifungiki, jirani anaingia bila hodi."

"Na kule kukavu?"

"Inasinyaa. Unalala unaona taa za watu kwenye nyufa."

Seremala akasikitika kama aliyeambiwa habari za mgonjwa wake.

"Mvua je?"

"Kule kukavu, mara moja kwa mwaka. Ikianza, ofisi zinabaki tupu. Hata wodini, wagonjwa tunawatoa nje na vitanda vyao. Watu wanasimama viganja wazi, wanakinga matone."

Fundi cherehani akagundua kuwa kiganja chake kimefunguka mapajani.

"Na milango?" seremala aliuliza kwa sauti ya chini.

"Siku hiyo inafunga sawasawa, kaka. Ila ndani hakuna mtu."

Treni ikasimama, mlango ukafunguka, na kwa kitambo hakuna aliyeinuka.