Nani Angemwosha Mama

Assalamu alaykum, mama zangu na dada zangu wa chama chetu cha kuzikana. Nimeombwa niseme ilivyokuwa Mama alipofariki. Nitaanza mwanzo, nisirukeruke.

Wazazi wangu walitoka Shamu, huko Syria, nikiwa mtoto wa kubebwa. Baba akafungua duka la vitambaa hapa Tanga, kisha akafia safarini Mombasa, akazikwa huko. Tukabaki mimi binti yao na Mama.

Mama hakukubali kwamba tumehamia. "Sisi wapita njia," alisema. Honi ya meli ikilia bandarini, alikwenda dirishani, nami nyuma yake. Nimekua hivyo, sijui kukaa kitako. Hata kusoma nilijifundisha huku nikitembea ukumbini, na magazeti yaliyofungiwa bidhaa mkononi.

Tena tulikuwa hatuendi msibani kwa watu. Kwao Shamu, alisema Mama, msiba ni wa ukoo. Mgeni akiingia huonekana mdaku. Ndugu zangu, nawaambia, hakikuwa kiburi. Alidhani anawastahi. Hakujua kwamba hapa jirani asiyeonekana matangani huonekana amejitenga.

Mwaka juzi, asubuhi, Mama akakata roho. Nilimfunga kidevu, nikamfunika. Basi. Maiti wa kike huoshwa na wanawake, nami nilikuwa sijawahi kuona mtu akioshwa. Jua linapanda. Nikaenda mlangoni, nikarudi. Nikaenda tena, nikarudi. Jirani wa ukuta wetu alipofiwa na mumewe, sisi tulifunga madirisha. Nimwambie nini?

Mwishowe nikapiga hodi kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo Mshami kaijua njia?"

"Mama amefariki. Sina wa kumwosha."

Akageukia uani, akapaza sauti: "Enyi! Epueni chungu hicho, tuna msiba!"

"Wa nani?" wakauliza wanawake huko uani.

"Wa Mshami hapa. Au mnangoja marehemu aje kuwaalika mwenyewe?"

Adhuhuri haijaingia, Mama ameoshwa, amekafiniwa; baada ya swala wanaume wakamzika. Usiku wanawake wakalala ukumbini kwetu, wakinisema kwa kupika wali mbichi. Kwa mara ya kwanza nililala bila kuamka kutembea.

Mama yangu jirani, uliyekaa pale nyuma ukijificha, Mungu akulipe. Nanyi mlionifundisha kuosha, ahsanteni. Enyi wageni wa mji, msingoje kualikwa msibani. Hapa haalikwi mtu. Nendeni, kaeni mkekani, mtaonyeshwa la kufanya.

Sasa mniwie radhi, nakatiza hapa. Kuna maiti mtaa wa Nguvumali, na mimi ndiye wa kumimina maji.