Wimbo Uliokuja Bila Neno

Kijiwe chetu ni benchi refu nje ya duka la Fundi Redio, benchi lenye mguu mmoja wa tofali. Ukikaa upande wa tofali lazima ujisawazishe muda wote, kwa hiyo upande huo tumemwachia Kinyozi, ambaye hata kitandani kwake hatulii. Siku nyingine tunabishana juu ya chochote kinachopita barabarani, lakini Jumamosi mchana tunabishana juu ya muziki tu, tena ule ambao majirani wanasema ni wa vichaa. Kila mmoja kwa zamu analeta wimbo ambao wenzake hawajawahi kuusikia. Wimbo huo tunauita mgeni. Mgeni akiingia, hakuna kusema, hakuna kukohoa, mpaka amalize. Akitugusa, tunamkaribisha, na Fundi anampiga dukani wiki nzima. Akitushinda, tunamsindikiza. Tumeshakaribisha watu wanaoimba kwa koo kama wana nyuki kifuani, tumekaribisha bibi mmoja anayepiga misumeno, na mwezi uliopita tulimsindikiza jamaa aliyerekodi jokofu lake. Kahawa ni ya Mama Birika, ambaye anauza akiwa amesimama na anatoa hukumu kali kuliko sisi tuliokaa.

Jumamosi hiyo zamu ilikuwa ya Breki, dereva wa lori, ambaye kila safari hurudi na muziki wa mbali na uongo wa karibu. Alikuwa ameshatoa simu mfukoni.

— Leo mtalia, akasema. Nimewaletea ngoma inayopigwa chini ya maji.

— Chini ya maji nani anashika tempo, samaki? akauliza Kinyozi.

Kabla Breki hajajibu, Fundi akatoka dukani. Kwa kawaida akitoka anakuja na spika na maneno. Safari hii spika alikuja nayo, maneno hakuwa nayo.

— Breki, niachie zamu yako, akasema. Nina mgeni. Ametoka kwa binti.

Breki akarudisha simu mfukoni. Binti ni mtoto wa pekee wa Fundi, na sote tulikuwepo siku alipoleta hapa kijiweni wimbo aliotengeneza mwenyewe kwa kompyuta. Ulianza na zile kelele za redio inayotafuta kituo: inakwaruza, inalia ngiii, inakwaruza tena. Fundi hakusubiri uishe. Alinyoosha mkono akauzima, akasema, "Mimi kutwa nzima naondoa kelele hizi kwenye redio za watu, wewe unanirudishia?" Kuna waliocheka. Binti akachomoa waya wake, akaukunja taratibu, akaingia ndani. Haukupita muda akapata kazi mji mwingine, na tangu hapo salamu za baba zinapitia kwa mama.

— Ameandika nini? nikauliza.

— Hakuandika kitu. Wimbo mtupu. Hata shikamoo hakuna.

— Mama yake anasemaje?

— Anasema nijibu. Nimeandika "asante," nikafuta. Nimeandika "umekula?" nikafuta. Jamani, nyinyi ndio mnaojua muziki. Niambieni huu wimbo unasema nini, na mimi nimjibu kwa wimbo gani. Kwa sababu nikiharibu na hapa, huyu mtoto simpati tena.

Alisema hivyo bila kumtazama mtu. Fundi ni mtu wa kupenda mzaha, na nilipomsikia akisema bila mzaha, nikaweka kikombe chini.

Akabonyeza. Wimbo ulianza ghafla, kama mtu anayeingia bila hodi. Kinanda kilikuwa kinavuta pumzi polepole, nyuma yake kitu kinagongwa kama sufuria. Halafu ukaja mluzi. Mluzi wa mwanamume, usio na haraka, unapanda kidogo, unasita, unashuka, unapotea, unarudi. Kinanda kikawa kinamfuata kila anakokwenda. Ukaenda hivyo, kisha mluzi ukakatika katikati ya pumzi, na wimbo ukaisha.

— Mmh, akasema Mama Birika.

— Mwanzo wake umeliwa na mtandao, akasema Breki. Lakini huo mluzi naujua. Ni wa wachungaji wa milimani. Wanaitana hivyo, mmoja mlima huu, mwenzake mlima ule. Binti yako yuko milimani, Fundi.

— Yuko kiwanda cha mashuka, akasema Fundi.

— Basi kiwanda kiko mlimani.

— Mlima gani, wewe? akadakia Kinyozi. Huyo ni mchumba! Sikilizeni anavyopiga, hana wasiwasi kabisa. Mwanamume anayepiga mluzi hivyo ana ajira ya kudumu.

Fundi akageuka mzimamzima.

— Mchumba?

— Ndiyo maana hakuna neno. Angeandika nini? "Baba, shikamoo, huyu hapa"? Amekutumia sauti yake kwanza, uizoee.

— Mimi nasema ni kompyuta, nikasema, kwa sababu mimi ni seremala na huwa nashuku kila kitu kilichonyooka. Siku hizi mashine inapiga mluzi kuliko mtu.

— Mashine haikosei, akasema Fundi. Huyu anakosea. Sikiliza.

Akarudisha nyuma.

— Hapa amepanda nusu, ameishiwa. Hapa anashuka bila kuomba njia. Na hapa ndiyo kabisa, ameshasahau alikuwa anakwenda wapi. Huyu jamaa hajui kupiga mluzi. Kama ni mkwe, basi nimepata hasara.

— Anapiga kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka chini ya meza, nikakubali.

— Na ana mwanya, akasema Mama Birika. Hewa inapita pembeni, sikilizeni.

— Mkwe mwenye mwanya, akasema Kinyozi kwa furaha. Mmeona? Sasa tunamjua.

Breki hakuwa tayari kushindwa.

— Na pale mwisho alipokatika? Mbona hamlisemi hilo? Mtu hakatishi mluzi bure. Ameona askari. Huyo mkwe anatafutwa, Fundi. Binti amekutumia sauti yake ili akikimbilia hapa, umfungulie mlango.

— Mnaniua, akasema Fundi.

— Au marehemu, akasema Kinyozi. Mchumba alikuwepo, akafa, ikabaki sauti. Ndiyo maana kinanda kinavuta pumzi vile. Kinalia.

— Dakika hii umemwoza, dakika hii umemzika! nikamwambia. Hata nguo ya harusi hajavua.

Fundi akakaa kwenye kigoda chake, akainuka, akakaa tena. Nilimwonea huruma. Alikuja kutafuta msaada, tukampa mkwe, tukamnyang'anya.

— Achaneni na mkwe, akasema. Nimjibu na nini?

Hapo ndipo kijiwe kikachangamka, maana kazi ya kumpa mtu wimbo ndiyo tuliyozaliwa nayo. Breki akataka apelekewe wale wa koo, kwa sababu mtu akiwasikia wale, alisema, hasira inaona aibu. Kinyozi akataka magitaa mazito, yale yanayopigwa na vijana wenye nywele ndefu huku mmoja anaimba kama amebanwa kidole na mlango.

— Unampelekea mtoto kitu cha namna hiyo, atajua umemsamehe au umemlaani? akauliza Fundi.

— Atajua una moyo.

Mimi nilipendekeza yule mama anayesugua midomo ya bilauri zenye maji. Ni wimbo mpole, hauna kosa, unaweza kumpelekea hata mgonjwa.

— Ndiyo shida yake, akasema Mama Birika. Huo ni wa kumpelekea mgonjwa. Fundi, mpelekee wimbo wa kuomba radhi.

— Upo?

— Upo. Ila huo unaimbwa kwa mdomo wako, siyo kwa spika.

Fundi akaangalia viatu vyake. Kinyozi akapata shughuli ya ghafla na kikombe chake.

Wakati huo alikuwa amefika mama mmoja na mkoba, hatumjui. Akasalimia, akasema amekuja kuchukua pasi yake. Fundi akamwomba asubiri kidogo, Mama Birika akammiminia kahawa, naye akakaa palepale kizingitini. Fundi, kama mtu anayebonyeza jino linalouma, akaupiga wimbo tena.

Yule mama akanywa, akasikiliza. Mluzi ulipoingia akatabasamu.

— Kumbe mmemrekodi, akasema.

— Nani? akauliza Breki.

— Huyo anayepiga mluzi. Si fundi mwenyewe?

Breki akamtazama Kinyozi, Kinyozi akanitazama mimi, mimi nikamtazama Fundi, na Fundi akamtazama yule mama kana kwamba amemwambia pasi imezaa.

— Mimi? Mimi sipigi mluzi.

— Unapiga, baba. Siku ile nilikaa hapahapa ukiifungua pasi yangu. Ulipiga huohuo, unapanda, unasita. Nilidhani ni wimbo unaojulikana, nikatamani kukuuliza jina.

— Seremala, Fundi akanigeukia, wewe uko hapa kila siku. Napiga mluzi?

Nilitafuta kichwani. Nilikumbuka feni yake inavyogonga, nilikumbuka Kinyozi anavyogombana na wateja, nilikumbuka jokofu la yule jamaa, kila mlio wake. Mluzi wa Fundi sikuupata. Ningeapa haupo, na wakati huohuo nilijua kwamba nikiapa nitakuwa nimeapa uongo.

— Sijui, nikasema.

— Breki?

— Sijui, Fundi.

— Hebu piga tusikie, akasema Kinyozi.

Fundi akalamba midomo, akaikunja. Ikatoka hewa tupu. Akajaribu tena, macho yetu yote yakiwa mdomoni mwake, na kweli, mwanya tuliuona, wa siku zote, lakini mluzi haukuja.

— Mtu mnamkodolea macho hivyo, atapigaje? akasema Mama Birika. Anayejua ni mmoja tu. Mpigie mtoto simu.

— Asipopokea?

— Asipopokea nitakumiminia kahawa. Piga.

Fundi akasimama. Akapiga moyo konde, akapiga simu. Kwa wasiwasi akasahau kwamba simu bado imeunganishwa na spika, kwa hiyo ikaita barabara nzima, tukaisikia inavyoita, na inavyoita, na mimi nikajikuta naomba Mungu kwa ajili ya simu isiyo yangu.

— Shikamoo, baba.

Sauti ilikuwa kubwa, ya spika, lakini chini yake ilikuwa ndogo.

— Marahaba, mwanangu. Marahaba. Hujambo?

— Sijambo.

— Nimeupata wimbo. Huyo... huyo anayepiga mluzi ni nani?

— Kweli humjui, baba?

— Kuna mteja hapa anasema ni mimi.

— Ni wewe. Ulikuwa unafungua feni ya bibi. Nilisimama mlangoni na simu, ukageuka kuniuliza nataka nini, ndiyo maana mluzi umekatika pale mwisho.

Breki akainamisha kichwa. Askari wake alikuwa ameyeyuka.

— Na kinanda?

— Kinanda ni mimi. Nilikuwa nakufuata tu. Pale unaposita, nakusubiri.

Fundi akajipangusa uso kwa mkono mzima, kuanzia juu mpaka kidevuni.

— Nimekusema vibaya hapa, akasema. Huyo mpiga mluzi. Nimesema hajui.

Binti akacheka, kidogo. Kisha akasema, bila kucheka:

— Ni uleule niliouleta kijiweni, baba. Zile kelele ni za mwanzo tu, redio inatafuta. Halafu inapata kituo, na kituo chenyewe ni wewe. Siku ile hamkufika hapo.

Sijui wenzangu waliangalia wapi. Mimi niliangalia barabara, na barabara ilikuwa imeanza kuwa na maji maji.

— Mwanangu, akasema Fundi, siku ile nilikosea. Nilikuzimia wimbo mbele ya watu, na mimi ndiye niliyeweka sheria kwamba mgeni hazimwi. Iliniuma usiku uleule, nikaona aibu kusema. Nisamehe.

— Haya, baba.

— Siyo haya. Nisamehe.

— Nimekusamehe. Nilikuwa nimekusamehe wakati naupeleka, ila sikujua niandike nini.

— Hata mimi. Sasa nitumie wote.

— Na zile kelele?

— Na kelele zake zote.

— Zile kelele ni ndefu, baba. Redio inahangaika sana kabla haijakupata.

Muda wote huo Fundi alikuwa amesimama katikati yetu, simu mkononi, spika ikimsema kwa mtaa mzima. Akavuta kigoda, akakaa.

— Nimekaa, mwanangu.